Nilioa Ili Niache

Nyumba niliyopanga Temeke ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani kulikuwa na jiko, choo na bomba lililotoa maji lilipojisikia. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na zamani mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono yake kila sikukuu. Nilipofika mimi, zama hizo zilikuwa zimekwisha. Mitumba ilikuwa imejaa mjini, na mtu aliyezoea kumletea kitambaa ashonewe suruali sasa alimletea suruali iliyokwisha kuvaliwa Ulaya ili apunguziwe miguu. Mzee alipunguza miguu ya suruali tangu asubuhi hadi alasiri. Hakulalamika, ila kila kipande alichokikata alikitazama kidogo kabla ya kukitupa.

Suruali zenyewe nilikuwa naziuza mimi. Niliacha shule darasa la tano, kwetu kusini, na tangu hapo sikuwahi kukaa na kazi moja muda mrefu. Nikishajua inavyofanywa, hamu inaniisha. Nimechomelea madirisha Chang'ombe, nimeponda kokoto, nimeuza karanga stendi. Wakati ninaousimulia nilikuwa nachukua nguo Buguruni kwa tajiri mmoja wa mabelo ya mitumba, nazipanga begani, natembeza mitaani. Nilipenda zaidi ile saa ya kufungua belo, waya unapokatwa na nguo za watu usiowajua zinafura kama unga wa maandazi. Nilikuwa napekua mifuko. Si kutafuta pesa, nilitaka kujua waliokuwa wamezivaa walikuwa watu gani.

Tajiri huyo hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu ukisikia habari za posa utamtengenezea pembe. Alikuwa mtu mzima, mpole, ana wake wawili na nguvu ya kuongeza wa tatu. Alimtaka binti wa mwenye nyumba wangu, kitinda mimba, aliyekuwa akikaa ndani akimsaidia baba yake kupiga pindo na kutia vifungo. Posa ilipokuja ilifuatana na neno kwamba mzee atapewa nafasi ya kushonea mbele ya duka la Buguruni, palipo na wateja. Mzee alisema atajibu. Lakini siku hiyo alilipaka mafuta cherehani lake, na sote humo ndani tukajua jibu ni lipi.

Mimi na yule binti tulikuwa tunazungumza uani, yeye akichambua mchele, mimi nikifua. Aliniita kaka, kama alivyowaita wapangaji wote. Nilikuwa namsimulia nilichokiona siku hiyo, na siku moja nikamsimulia harusi.

Nilikuwa nimejipenyeza kwenye harusi ya watu nisiowajua, kwa ajili ya pilau na kwa ajili ya kuona. Nikasimama karibu na mlango wa chumba cha bibi harusi. Shehe akamuuliza kupitia pazia kama ameridhia kuolewa na fulani. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Shehe akageuka, akasema ameridhia, vigelegele vikapigwa. Jambo hilo lilinikera nisilale. Kesho yake nikamfuata mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu baada ya sala ya alasiri, nikamuuliza kimya kinakuwaje jibu. Akaniambia mwali ana haya, kwa hiyo kimya chake ndiyo ridhaa yake. Mwanamke aliyekwisha kuolewa ndiye hanyamazi. Mjane au mtalaka hawezi kuozeshwa mpaka atamke kwa mdomo wake, watu wasikie. Nikamuuliza, na mwali akisema hataki? Mwalimu akafikiri, akasema hakuna kinachomzuia, ila katika umri wake wote hajamsikia hata mmoja.

Nilimsimulia yote hayo binti, kama nilivyomsimulia habari za mabelo. Aliendelea kutoa chuya.

Posa ilipoingia, zikapita siku kadhaa, akanikuta bombani.

"Kaka, ile habari ya mtalaka uliyoisema, ni maneno ya mwalimu au ulitia chumvi?"

Nikamwambia sikutia.

"Basi nioe, halafu uniache."

Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwa utani kwamba mie sina hata godoro la maana. Akaniambia godoro hajaliulizia. Kisha akaniambia kuhusu dada yake, aliyeolewa Bagamoyo. Shehe alipomuuliza, dada yake hakunyamaza. Alilia, tena kwa sauti.

"Wakasema kilio cha furaha," alisema. "Wewe unadhani mie nikisema sitaki watasikia nini? Watasema mwali hajui alisemalo. Nataka niwe mtu wa kuulizwa, akajibu, na jibu lake likawa jibu."

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu mimi sikai mahali, kwa hiyo kuondoka hakutanishinda. Lilikuwa jibu la haki. Nami nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, sikuwahi kuoa na nilitaka kujua kukoje. Ya pili sikuijua bado.

Baba yake asingempa mchuuzi mtoto wake hata kwa dawa, kwa hiyo ilibaki njia moja, ndoa ya mkeka. Watu wa pwani wanaijua. Mkikutwa mmejifungia, hakuna kuulizana mlikuwa mnafanya nini. Shehe anaitwa, mkeka unatandikwa, mnaozeshwa hapo hapo, aibu inafunikwa kabla haijanuka. Alihamisi moja, alasiri, siku ambayo shangazi yake alikuwa hakosi kuja, binti aliniletea sahani ya wali wa nazi. Akaingia, akafunga mlango. Kandambili zake akaziacha nje pembeni ya zangu, zikitazama ukumbi. Tukakaa, yeye kitandani, mimi kwenye ndoo niliyoigeuza juu chini. Nikala wali. Tulimsikia shangazi akiingia, akisalimia, akipita, kisha akisimama. Miguu yake ilirudi taratibu mpaka mbele ya mlango.

"Kaka," alimwita mzee kule barazani, bila kupandisha sauti, "acha hiyo suruali, uje."

Mzee alipofungua mlango alinitazama mimi, akaitazama sahani, akamtazama binti yake. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Hakunipiga. Alisema tu aitwe mwalimu, akarudi barazani na kukaa kwenye cherehani lake bila kushona. Shangazi ndiye aliyeutandika mkeka ukumbini, na aliutandika kwa kuubwaga. Mashahidi walikuwa muuza kahawa na jirani wa ng'ambo ya barabara. Mpangaji wa chumba cha nyuma, karani kutoka bara na Mkristo wa kusali kila Jumapili, alisimama kando akitazama mpaka mwisho.

"Kwetu ungelipa ng'ombe," aliniambia. "Hapa unapewa mke na wali juu."

Mwalimu aliuliza nina mahari gani. Nilikuwa na redio ndogo ya betri. Ikawa ndiyo hiyo. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba cha kina mama kumuuliza binti kama ameridhia. Akanyamaza. Mwalimu akasema ameridhia. Nadhani katika maisha yake yote ya kuozesha, hicho ndicho kimya cha mwali kilichomaanisha ndiyo waziwazi kuliko vyote, naye hakujua.

Tajiri aliniondoa kazini kwa adabu. Aliniambia nisichukue tena nguo kwake, basi. Nikaenda kwa tajiri mwingine, mitaa miwili mbele.

Tuliishi chumbani kwangu, ndani ya nyumba ya baba mkwe wangu ambaye alikuwa hasemi nami. Akitaka kodi alimwambia karani aniambie. Mke wangu alilala kitandani, mimi kwenye mkeka, ule ule. Redio ilikuwa mali yake sasa, kwa hiyo taarifa ya habari tuliisikiliza akitaka, na taarabu tukaisikiliza kila siku. Mpango ulikuwa tukae miezi ya kutosha ili kuachana kusionekane mchezo. Hatari kubwa ilikuwa ulimi wake. Alikuwa amezoea kuniita kaka. Siku moja, shangazi akiwa uani anamenya muhogo, alitoka chumbani akasema, "Kaka, chai yako inapoa." Kisu cha shangazi kikasimama. Mke wangu akawahi kusema kwamba siku hizi vijana wa mjini ndivyo wanavyoitana. Shangazi akasema labda, yeye ni mtu wa zamani, enzi zao kaka alikuwa kaka. Akaendelea kumenya, lakini macho yalibaki kwangu.

Sijui hasa ni lini ile sababu ya pili niliijua. Ilikuja kidogo kidogo. Nilikuwa narudi na jambo la kumsimulia, naye anauliza swali ambalo mimi sikuliuliza. Nilimwambia nimekuta tiketi ya treni ya Ulaya kwenye mfuko wa koti, akaniuliza yule mtu alikuwa anakwenda au anarudi. Nilitembea siku nzima na swali hilo. Na nilianza kupita njia fupi kurudi nyumbani, mimi niliyekuwa sina njia fupi.

Muda wa kuachana ulipokaribia nilikwenda kwa mwalimu kuuliza namna talaka inavyotolewa, nikijifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Nilitaka nisikosee. Akanieleza talaka moja, mashahidi, eda, ile miezi ya mwanamke kungoja. Kisha, kwa kuwa nilimzoesha kueleza zaidi ya nilichouliza, akaongeza jambo. Mwanamke akiachwa kabla mumewe hajamgusa, alisema, hana eda. Anarudi kwa baba yake siku ile ile, na anarudi mwali kama alivyotoka. Nikamuuliza hata kama wamelala chumba kimoja? Akasema chumba hakioi. Na akiposwa tena ataulizwaje? Ataulizwa kama mwali, akasema, na kimya chake kitakuwa ridhaa.

Nilirudi nyumbani kutoka msikitini, nikazunguka nyumba mara kadhaa kabla ya kuingia. Tulikuwa tumefanya kosa la watu wawili waliojifunza sheria nusu. Aibu yote ile, mkeka wote ule, na siku nikimwacha angerudi pale pale alipokuwa, mtu ambaye kimya chake ni jibu. Nikimwambia, ingeonekana nimechoka na mkeka na sasa natafuta njia ya kupanda kitandani kwa kupitia dini. Nisipomwambia, mpango wake ungekufa, na ungekufa kwa kunyamaza kwangu.

Nilimwambia wakati anachagua vifungo kwenye kopo la baba yake. Nilieleza vyote kwa mpigo, kama mtu anayesoma tangazo. Hakuinua kichwa.

"Na wewe ungependa iwe vipi?" aliuliza.

Nikasema mimi sipo kwenye swali hilo. Akasema upo, wewe ndiye mume. Nikasema kama ana shaka akamuulize mtu mwingine, asinisadiki mimi.

Akaenda kumuuliza shangazi, bila kumficha kitu. Alimweleza habari yote tangu bombani. Walikaa nyumbani kwa shangazi tangu adhuhuri. Niliambiwa baadaye kwamba shangazi alicheka hadi akashika mbavu, kisha akakasirika, kisha akathibitisha kila neno la mwalimu. Alimshauri akae eda ya uongo, nani atajua? Yeye akakataa. Alisema hawezi kudai sauti ya kweli kwa eda ya uongo. Shangazi alipomsindikiza kurudi jioni ile alinitazama tofauti. "Kumbe mkeka umeutumia kweli," alisema, na kwa mara ya kwanza akaniitikia shikamoo yangu mpaka mwisho.

Siku nyingi zilipita bila jambo hilo kutajwa. Nikaamini amekata tamaa na mpango. Kisha siku moja nilirudi na kukuta mkeka umekunjwa, umesimamishwa ukutani nyuma ya mlango. Nikauliza nitalala wapi. Akaniambia nisiulize kila kitu.

Tangu hapo hakuniita kaka.

Mtu angedhani hadithi imekwisha. Mimi nilidhani hivyo. Tulikaa kama mke na mume, redio ikiimba, mzee akaanza kuitikia salamu yangu kwa kichwa. Kisha mke wangu akaniuliza, wakati nafunga mzigo wangu wa nguo, kama ahadi ya kumwacha bado iko pale pale.

Nikasema iko. Nikamuuliza kama na yeye bado anataka.

"Nataka kuulizwa," alisema. "Ulinioa bila mie kusema neno. Hata wewe hujawahi kunisikia nikisema ndiyo."

Nikasema, na ukiulizwa utajibu nini? Akasema hilo ndilo swali lenyewe, na halijaulizwa bado.

Nilitoa talaka moja mbele ya mwalimu na muuza kahawa. Mwalimu aliniuliza sababu, nikasema hatuelewani, na nafikiri ni uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema mbele yake. Mtaa ulinihukumu. Kwanza namharibia mzee mtoto, kisha namtupa. Waliniita jina lolote walilolipenda. Shangazi, aliyejua yote na hakutoboa, alilazimika kunitukana pamoja na wenzake, na alifanya kazi hiyo vizuri. "Wengine wamezaliwa na magurudumu," alisema, na wanawake wote bombani wakacheka.

Nilimwachia chumba akae eda humo. Mimi nikahamia Boko, ambako watu wenye hela mpya walikuwa wameanza kujenga. Nikawa saidia fundi, nachanganya zege na kulala kwenye nyumba isiyo na paa. Ijumaa nilikuwa nateremka Temeke kusali msikiti wa mwalimu, na nikirudi nilipita mbele ya ile nyumba. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini redio ilisikika. Nilijua yumo. Wiki moja sikuisikia, nikarudi Boko nikidhani ameondolewa. Ilikuwa betri zimekwisha.

Jaribu halikutoka kwake, lilitoka kwa baba yake. Mzee alinikuta nje ya msikiti, akaniita, tukasimama kivulini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza nami uso kwa uso tangu siku ya sahani. Aliniambia tajiri amemtuma mtu kusema kwamba eda ikiisha, posa yake bado ipo, na ile nafasi ya Buguruni bado ipo. Alisema hilo akitazama viatu.

"Lakini mimi nimeona mtoto wangu alivyokaa na wewe," alisema. "Eda haijaisha. Mrejee. Sema neno moja tu, hata yeye haulizwi, ni mkeo."

Alikuwa sahihi. Katika eda ya talaka moja mume husema nimemrejea mke wangu, na mambo yameisha. Hakuna pazia, hakuna shehe mlangoni, hakuna swali. Neno moja lingenirudishia chumba, mke na redio, na tajiri asingekuwa na la kusema. Na mke wangu asingeulizwa tena mpaka kufa kwake, au kwangu.

Nikamwambia mzee siwezi. Akauliza kwa nini. Nikasema nikilieleza nitaliharibu. Alinitazama namna alivyokuwa akivitazama vile vipande vya suruali, akaondoka.

Sikuwa na ahadi yoyote mkononi. Nataka hilo lieleweke. Hakuwahi kuniambia nikirudi atanipokea. Buguruni kulikuwa na sehemu ya baba yake kufanyia kazi, na yeye alimpenda baba yake. Mimi nilikuwa mtu wa Boko mwenye saruji kwenye kucha.

Eda ilipokwisha, tajiri aliwahi. Nilipewa habari na karani, aliyekuwa ukumbini kama kawaida yake. Wajumbe walikaa, mzee akasema mwanangu si mwali tena, lazima aulizwe, wakamuuliza nyuma ya pazia. Akasema sitaki. Wajumbe wakatazamana, mmoja akaomba arudie, huenda hakusikika vizuri. Akarudia, na karani aliapa kwamba hata mafundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara waligeuka. Tajiri alilipokea kiungwana. Mzee alivaa miwani yake akarudi kwenye suruali za watu barazani.

Kumkataa yule hakukuwa kunikubali mimi. Nilipeleka posa yangu kupitia muuza kahawa, nikasubiri. Jibu lilikuja kwamba nije Ijumaa, na kwamba mahari ameitaja mwenyewe, betri za redio. Shangazi alisema hiyo ni dharau kwa ukoo, na ikiandikwa popote yeye hayumo.

Nilikaa ukumbini juu ya mkeka ule ule, nimevaa kanzu ya kuazima na betri mfukoni. Mzee alikaa kulia kwa mwalimu. Mlango wa chumba changu cha zamani ulikuwa na pazia. Mwalimu akanyanyuka, akasogea, akataja jina lake na la baba yake, akataja langu, akataja betri, akauliza kama ameridhia kuolewa nami.

Kimya.

Nilimwona mzee akiinamisha kichwa. Hata mwalimu, kwa mazoea ya miaka mingi, aliinua mguu wa kugeuka, kisha akakumbuka anazungumza na nani, akasimama. Tulisubiri. Uani mtu alikuwa anapwaga mpunga, akaacha.

"Nimelisikia swali," alisema ndani ya pazia. "Niulize tena, mwalimu."

Mwalimu akauliza tena, polepole, neno kwa neno. Naye akajibu, kwa sauti ile ile ambayo mafundi baiskeli waliisikia, kwamba ameridhia.